Fahamu: Kukadiria upepo na joto kwa kompyuta

Ni nini hasa?
Kompyuta hugawa eneo lenye hewa katika visehemu vidogo, kisha hukokotoa kasi, shinikizo na joto la kila kimoja. Kwa mfano, katika handaki la upepo la mzunguko, yaani njia iliyofungwa ya kupimia mkondo wa hewa, feni huzungusha hewa ileile, na nguvu ya feni huishia kuwa joto. Pasipo kipoza hewa, vipimo hupotoka, ndiyo maana joto nalo hukokotolewa.

Marani, katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, inahusikaje?
Kupitia chai. Jani bichi lina maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Kwenye viwanda vya chai vya Kisii na Nyamira, kama Kiamokama na Kebirigo, majani hutandazwa juu ya vitanda vya wavu yanyauke, feni ikisukuma hewa kutoka chini kwa saa nyingi. Masika, hewa ikiwa na unyevu, huongezewa joto la boila.

Ugumu wa kukokotoa haya uko wapi?
Hewa hufuata palipo na majani machache, na kwingine majani hubaki mabichi. Isitoshe, maji yanayotoka huipoza hewa, kwa hiyo mkondo na joto hukokotolewa pamoja. Michoro ya rangi kwenye skrini hupendeza. Bila vipimajoto kitandani, bado ni makisio.