Maana na Visababishi vya Kuchechemea kwa Binadamu na Wanyama: Mfano wa Mkoa wa Mara

1.0 Utangulizi

Kuchechemea ni dalili, si ugonjwa. Makala haya yanafafanua maana ya dhana hiyo katika Kiswahili na visababishi vyake kwa wanyama na binadamu, kwa kurejelea wilaya za Musoma, Bunda na Butiama pamoja na Tarime iliyo kaskazini mwa mkoa huohuo. Hoja kuu ni kwamba mnyama anapochechemea, chanzo hutafutwa. Binadamu anapochechemea, mara nyingi hupewa jina na swali la chanzo huishia hapo. Tofauti hiyo ina athari katika kinga.

2.0 Maana

Kiswahili kina vitenzi kuchechemea, kuchopea na kuguchia, na pia nomino kiwete, kiguru na kilema. Kitenzi hutaja tendo lenye mwanzo na linaloweza kukoma. Nomino humtaja mtu mwenyewe, kana kwamba hali hiyo ndiyo asili yake. Kwa kawaida husemwa "ng'ombe anachechemea", lakini kwa mtu husemwa "yule kiwete". Kimofolojia, kiwete huungana na kipofu na kiziwi katika umbo la KI-VI, ingawa upatanisho wake ni wa A-WA: "kiwete amefika". Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imechagua istilahi inayomtanguliza mtu na kuifanya hali yake kuwa sifa tu.

3.0 Visababishi kwa wanyama

Mfugaji hutambua vyanzo kadhaa. Kuna mwiba au jeraha la kwato, na kuna kuoza kwato wakati wa masika, malisho yanapojaa tope. Ugonjwa wa miguu na midomo husababishwa na virusi na huleta malengelenge mdomoni na katikati ya kwato. Nyati ni miongoni mwa wanyamapori wanaohifadhi virusi hivyo, jambo lenye uzito kwa Bunda inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Chambavu hutokana na bakteria wanaodumu ardhini. Huvimbisha misuli ya ndama walionawiri na huweza kuwaua ndani ya siku moja au mbili. Katika yote haya, swali la kwanza ni lilelile: mnyama huyu amepatwa na nini?

4.0 Visababishi kwa binadamu

Kwa binadamu, visababishi ni pamoja na ajali, nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa, mtindio wa ubongo, ukoma, na sindano iliyojeruhi neva ya takoni. Polio ililemaza wengi kabla ya chanjo kuenea. Mwaka 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa huru dhidi ya virusi vya asili vya polio.

Kisababishi kinachohitaji kuangaliwa kwa kina mkoani Mara ni konzo. Jina hili linatoka katika lugha ya Kiyaka, Kongo, na hufasiriwa kuwa miguu iliyofungwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, mlipuko wake ulitokea wilayani Tarime na baadaye ukaelezwa na Howlett na wenzake (1990). Watu waliokuwa wazima walikakamaa miguu yote miwili kwa ghafla, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Hapa ndipo konzo inapotofautiana na polio: polio hulegeza misuli, aghalabu ya upande mmoja, ilhali konzo huikaza ya pande zote mbili. Haizidi kuendelea, lakini ulemavu wake ni wa kudumu.

Chanzo chake kinahusishwa na muhogo mchungu usiosindikwa vya kutosha. Ukame huongeza viambata vya sayanidi katika mizizi, na njaa hufupisha kazi ya kuloweka, kuvundika udaga na kuanika. Aidha, mwili huiondoa sayanidi kwa kutumia salfa itokanayo na protini. Hivyo mlo wa muhogo mtupu, usio na dagaa, maharage wala maziwa, huudhoofisha mwili usiweze kujikinga.

5.0 Hitimisho

Imebainika kuwa kumwita mtu kiwete hakuelezi chochote kuhusu kilichompata. Familia yenye wagonjwa wawili wa konzo ikidhaniwa kuwa imelaaniwa, muhogo uleule utaendelea kupikwa, na mtoto wa tatu atakuwa hatarini. Inapendekezwa kwamba watafiti na wahudumu wa afya waulize yale ambayo bwana mifugo huuliza zizini: hali ilianza lini, ni mguu mmoja au yote miwili, wangapi wengine wameathirika, na walikula nini kabla ya hapo.