Butembo: Kuhara kunakoletwa na antibiotiki hakuponi kwa kuongeza antibiotiki nyingine

Mtu anakunywa amoksisilini kwa ajili ya kikohozi. Kikohozi kinaisha, lakini siku chache baadaye anaanza kuhara mara tatu, mara sita kwa siku, tumbo linauma na homa inapanda. Mjini Butembo wengi watasema ni amiba au tifoidi, kisha watarudi farmasi kununua sipro. Hapo ndipo hatari inapozidi.

Ndani ya utumbo mpana mna bakteria nyingi zinazoulinda. Antibiotiki haichagui, nazo huziua. Nafasi yao huchukuliwa na kijidudu Clostridioides difficile, kilichotambuliwa mwaka 1935, ingawa ni mwaka 1978 tu wataalamu walipokihusisha na ugonjwa huu. Sumu yake huumiza ukuta wa utumbo hadi ukavimba. Wazee na wagonjwa waliolazwa kwa muda mrefu ndio huathirika zaidi.

Matibabu huanza kwa kusimamisha antibiotiki iliyoleta shida, ikiwa mganga anaona inawezekana. Mgonjwa hupewa maji yenye chumvi na sukari, maarufu kama ORS. Dawa za kufunga tumbo kama loperamide huepukwa, maana huifungia sumu ndani.

Dawa inayopendelewa ni vankomisini ya kunywa, kwa siku 10. Ile ya kudungwa kwenye mshipa haifiki ndani ya utumbo mpana, ndiyo maana lazima ipitie mdomoni. Isipopatikana, metronidazoli inayojulikana hapa kama Flagyl hutumika kwa wasio mahututi. Ndiyo, nayo ni antibiotiki, lakini huagizwa na mganga baada ya kumpima mgonjwa, si kwa kukisia. Damu kwenye choo, tumbo kuvimba au udhaifu mkubwa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kijidudu hiki huacha mbegu ngumu ambazo alkoholi ya kunawia haiziui. Mikono huoshwa kwa maji na sabuni. Vyoo na vitanda kwa klorini. Wakaaji wa Butembo na Beni wanaijua kazi hiyo tangu Ebola ya 2018 hadi 2020: mchanganyiko wa asilimia 0.5 uliosafisha vituo vya matibabu wakati ule unaua hata mbegu hizi.