Rangi Zilizoumba Ziwa

Mwaka 1953, kampuni ya uchapishaji ya Faber and Faber ya London ilitoa kitabu cha Hans Cory, mtafiti wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kilihusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Usukuma, wanachama wa chama cha Buyeye, mafundi wa kushika nyoka na kutibu sumu yao. Michoro hiyo haikuwekwa nje kumfurahisha mpita njia. Ilichorwa kwenye kuta za ndani, katika nyumba ambamo wanachama wapya walifundwa, kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Palikuwa na nyoka, miili ya angani na wahenga wa chama. Mwali wa Buyeye alizielewa picha hizo kwa kufundishwa: mkubwa wake alimweleza kila umbo ni nani, lilitoka wapi, na lina uhusiano gani na dawa anazokwenda kujifunza.

Kuta za udongo hazidumu. Mvua huzila, mchwa huzila, na nyumba ikichakaa hujengwa nyingine. Zamani hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa aliyejua kuchora alikuwepo na aliyejua kueleza alikuwepo. Leo anayetaka kuiona michoro ile huanzia kwenye kurasa za kitabu cha Cory. Sura zake zimesalimika, lakini sauti hai iliyokuwa ikizieleza haimo.

Ndiyo maana nasema picha ya uumbaji, ile inayoeleza vitu vilitoka wapi, husimama kwa miguu miwili: mtu wa kuieleza, na mazingira yanayomwonyesha mtazamaji kile kinachosemwa. Aliyekulia karibu na vichaka vyenye chatu hahitaji kuambiwa kwa nini chatu amechorwa mkubwa kuliko binadamu. Vichaka vikifyekwa na wazee wakazikwa, ukuta hubaki na mstari uliopinda tu.

Picha za uumbaji wanazo watu wengi duniani. Waaborijini wa Australia wamemchora kwenye miamba Nyoka wa Upinde wa Mvua, ambaye katika simulizi zao alipasua ardhi na kuacha mito na mabwawa. Wanavajo wa Marekani huchora kwa mchanga wa rangi asili ya ulimwengu na viumbe watakatifu, kisha huifuta picha hiyo ibada ya uponyaji inapokwisha. Mnavajo anaifuta bila hofu kwa sababu mwimbaji wa ibada anaijua na ataichora tena. Sanaa ya namna hii haiogopi kufutwa. Adui yake ni kukatika kwa mnyororo wa wanaoijua.

Mnyororo uliokatika unaonekana katika ukanda huu huu wa Ziwa Victoria. Kwenye kisiwa cha Mfangano, upande wa Kenya, mapango ya Mawanga na Kwitone yana duara ndani ya duara, nyingine zikitoa miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Michoro inayofanana nayo iko Nyero, mashariki mwa Uganda. Watafiti wengi huihusisha na Batwa, wawindaji na wakusanyaji walioishi huku kabla ya wakulima, wafugaji na wavuvi wa sasa. Wenyeji wa Mfangano waliokuja baadaye walizihusisha sehemu hizo na ibada za mvua, na heshima hiyo ndiyo iliyozilinda zisichafuliwe. Je, duara ni jua, ni mwezi, ni wimbi la maji au ni mvua yenyewe? Waliochora hawapo tena kutujibu. Tunauheshimu mwamba, lakini hatuwezi kuusoma.

Simulizi zilizobaki midomoni zina bahati kuliko miamba, na nyingi zinaunganisha kuumbwa na kupoteza. Waganda husimulia jinsi Kintu, mtu wa kwanza, alivyomwoa Nambi binti wa mbinguni, na jinsi Kifo kilivyowafuata duniani kwa sababu Nambi alirudi nyuma licha ya kuonywa. Wajaluo wa Gwassi humsimulia Nyamgondho, mvuvi maskini ambaye nyavu zake zilinasa mwanamke kutoka ziwani. Tangu siku hiyo boma lake likajaa ng'ombe. Alipolewa utajiri akamtukana na kumfukuza, mwanamke akarudi majini, na ng'ombe wote wakamfuata mpaka wa mwisho. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake ufukweni, akageuka mti. Wasukuma nao wana Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto aliyezaliwa, Masala Kulangwa, alikua, akaliua zimwi na kulipasua tumbo, na walimwengu wakatoka wakiwa hai. Huo ni uumbaji wa mara ya pili, na mchoraji yeyote wa Mwanza anayetafuta somo kubwa analo hapo mlangoni kwake.

Sasa tuingie majini, kwa sababu Ghuba ya Mwanza ina simulizi ya uumbaji inayoandikwa kwa rangi halisi. Katika Ziwa Victoria waliishi zaidi ya aina 500 za furu, wale samaki wadogo ambao watoto huwavua kwa ndoana ufukweni. Mshike furu dume umtazame pezi la chini, karibu na mkia. Utaona madoa ya manjano au rangi ya chungwa, ya duara, yamepangika. Ni picha ya mayai. Jike hutaga, kisha hukusanya mayai yake mdomoni ili ayalinde humo. Akiona madoa yale kwenye pezi la dume huyafuata kama mayai aliyoyasahau, na hapo mdomo wake hupokea mbegu ya dume na mayai yaliyo ndani hurutubishwa. Kila kizazi cha furu huanzia kwenye mchoro ulio mwilini mwa baba.

Rangi hufanya zaidi ya hapo. Kwenye visiwa vya miamba vya ghuba hii wako furu wawili walio karibu kama ndugu. Dume wa mmoja, anayeitwa kitaalamu Pundamilia pundamilia, ana mwili wa samawati wenye milia iliyosimama. Dume wa mwingine, Pundamilia nyererei, ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Huyu alielezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Majike wa aina zote mbili wanafanana mno, na kila jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba mwanga ukibadilishwa hata tofauti ya nyekundu na samawati isionekane, majike huacha kuchagua. Kwenye maji maangavu, kama ya kisiwa cha Makobe, aina hizo mbili hukaa mbalimbali. Kwenye maji yenye ukungu zaidi, kama ya visiwa vya Python, huchanganyika. Maji yanachafuka kwa udongo unaoporomoka kutoka mashamba yasiyo na miti, kwa mbolea na kwa maji taka, ambavyo hurutubisha mwani. Rangi ndiyo iliyowatenga furu hata wakawa wengi, na ukungu ndio unaowarudisha kuwa kitu kimoja.

Juu ya hilo alikuja sangara, samaki mla samaki wenzake. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika Ghuba ya Mwanza akaongezeka ghafla kwenye miaka ya 1980. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wameanza kuwachunguza furu wa ghuba hii mwaka 1977, kwa hiyo walishuhudia nyavu zikipanda na furu, kisha zikipanda bila furu. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Nyingine zilipotea kabla hazijapewa hata jina, na kilichobaki ni michoro ya kitaalamu na vielelezo ndani ya chupa. Ni haki kusema pia kwamba sangara amejenga nyumba na kusomesha watoto Mwanza, na viwanda vya minofu vimeajiri watu wengi. Lakini Shing'weng'we huyu hakutoka porini. Alitiwa majini kwa mkono wa binadamu.

Picha iliyoutangazia ulimwengu msiba huu haikutengenezwa na mtu wa Mwanza. Ni filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, iliyopigwa hapa na kufika hadi kwenye orodha ya wawania tuzo za Oscar mwaka 2006. Serikali ya Tanzania iliilaumu vikali kwamba inaipaka nchi matope. Kwangu mimi pengo lake kubwa liko kwingine: ilionyesha uharibifu kwa ukali, lakini mtazamaji wa mbali hakuonyeshwa kilichokuwa kimeumbwa hapa hata kipotee. Anayelia msiba sharti amtaje marehemu, amsifu, aseme alikuwa nani. Kazi hiyo ni ya wasanii wa ziwa wenyewe.

Mahali pa kuanzia papo. Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya kwenda Musoma, Padre David Clement kutoka Kanada alishirikiana na Wasukuma kuanzisha makumbusho mwaka 1968. Kanisa la pale ni la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ngoma za watemi zimetunzwa humo. Kuna pia banda la vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo wachezaji wake hadi leo huingia uwanjani na chatu. Maana bado ina watu wa kuieleza, na wanafunzi wa shule za Mwanza wangepaswa kupelekwa wakawasikilize wazee hao wakiwa bado wapo.

Mguu wa pili, yaani mazingira, nao unaweza kusimamishwa tena. Shinyanga miti ilifyekwa kwa miongo mingi ili kuangamiza mbung'o na kupisha pamba, hata ardhi ikabaki tupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 uliwarudisha watu kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kuyaacha malisho yakue wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudia hali ya kichaka na msitu. Hata ziwani baadhi ya furu walianza kuonekana tena katika miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana.

Kwa hiyo wito wangu kwa wachoraji wa Mwanza ni huu. Watalii watazidi kuagiza simba na twiga, nanyi choreni, kwa sababu riziki ni riziki. Lakini mitumbwi ya mwaloni inapakwa rangi kila mara, na kuta za shule za Ilemela, Sengerema na Ukerewe ni pana. Mchoreni furu mwekundu na furu wa samawati, na madoa yao ya mayai. Mchoreni Masala Kulangwa akilipasua zimwi, na Nyamgondho akiwatazama ng'ombe wanavyozama. Chini ya kila picha andikeni maelezo kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita, na mwiteni mzee aisimulie mbele ya watoto. Mtoto anayewajua furu kwa rangi zao atakuwa wa kwanza kuuliza, siku maji yakichafuka, kwa nini haoni tena nyekundu. Swali hilo akilipeleka kwa wanaokata miti milimani na wanaoelekeza mitaro ya maji taka ziwani, sanaa itakuwa imefanya kazi ileile iliyofanywa na kuta za Buyeye: kumfundisha mtu dunia yake ili ajue namna ya kuitibu.