Jinsi ya Kuongeza Msamiati wa Kiingereza kwa Kusoma Tahariri

Mtahiniwa, masomo mengi ya Kidato cha Nne hujibiwa kwa Kiingereza. Msamiati mdogo hukunyima alama hata katika mada unayoielewa vizuri. Tahariri za Daily News, The Guardian au The Citizen zitakusaidia, kwani hujenga hoja kama insha unayotakiwa kuandika. Gazeti la wiki iliyopita, hata la kufungia maandazi, linatosha.

(a) Soma tahariri yote bila kamusi, kisha taja hoja yake kuu.

(b) Chagua maneno 5 mapya. Kisia maana kwanza, ndipo ufungue kamusi.

(c) Nakili kila neno pamoja na maneno yanayoandamana nalo. Mfano, "curb" ni kudhibiti. Kwa Kiswahili tunadhibiti rushwa, na mchezaji hudhibiti mpira. Kwa Kiingereza ni "curb corruption", lakini mpira ni "control the ball". Aliyekariri maana pekee atakosea hapo.

(d) Tunga sentensi kuhusu mtaa wako: "The council must curb illegal dumping in Mbagala."

Baada ya wiki moja, funika daftari ujipime. Neno usiloweza kulitungia sentensi, usiingie nalo kwenye chumba cha mtihani.