Sola ya Kununua Kulesa: Hesabu Wati Zitakazobaki

Ile buluu ya paneli ya sola si rangi ya silikoni. Silikoni tupu ni ya kijivu, inang'aa, na hurudisha nje karibu theluthi ya mwanga unaoipiga. Kiwandani huwekwa kwenye chumba kilichoondolewa hewa, zikaingizwa gesi za saileni na amonia, umeme ukapitishwa mpaka gesi zikawaka kama ndani ya taa ya tyubu. Gesi iliyopasuliwa na umeme namna hiyo ndiyo plazma. Kinachotua juu ya silikoni ni utando wa nitridi ya silikoni wenye unene wa nanomita 75 hivi: tando 13,000 zikipandanishwa ndipo zinafikia milimita moja. Utando huo huzuia mwanga usirudi, na haidrojeni iliyomo huziba kasoro ambazo zingemeza umeme.

Kwa mtu wa Kulesa, kando ya mto Tana, anayekwenda Garsen kutafuta sola, jambo hili ni la pesa, maana plazma hutumika kwenye paneli za namna mbili. Kwenye paneli ya fuwele, hupaka utando tu. Kwenye paneli ya amofasi, plazma huijenga silikoni yote juu ya kioo, nyembamba mno, tena kwa gharama ndogo.

Kenya inazijua vizuri paneli za amofasi. Katika miaka ya 1990 zile ndogo za wati 12 au 14 zilienea vijijini, na ndizo zilizowasha taa na televisheni za betri katika nyumba nyingi. Ubora wake ulitofautiana sana. Watafiti Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen walichapisha mwaka 2002 matokeo ya vipimo vya paneli hizo nchini: baadhi ya chapa zilitoa nguvu iliyoandikwa, nyingine zilipungukiwa vibaya. Mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha dukani, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa kuwa aliyepunjwa ni yule aliyekuwa na senti chache zaidi.

Amofasi ina tabia nyingine iliyoelezwa na watafiti Staebler na Wronski mwaka 1977: jua lenyewe huipunguza nguvu. Katika miezi ya kwanza inaweza kupoteza asilimia 10 hadi 30, kisha ikatulia. Kiwanda chenye haki huandika wati zitakazobaki. Kisicho na haki huandika za siku ya kwanza, na mita ya fundi ikiwekwa dukani itakubaliana nacho.

Tuchukue bei za mfano tu. Amofasi ya wati 20 inauzwa shilingi 1,800, ya fuwele ya wati 20 shilingi 2,200. Ya kwanza ikishuka kwa robo, umebaki na wati 15, kila wati shilingi 120. Ya fuwele ni shilingi 110. Rahisi imekuwa ghali.

Amofasi ina sifa moja ya kweli: huvumilia joto. Paneli ya fuwele hupoteza takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii juu ya 25, kwa hiyo ikifika digrii 60 juu ya bati imepoteza asilimia 14. Amofasi hupoteza kama nusu ya hapo. Lakini kwa nguvu ileile amofasi huhitaji kioo kikubwa mara mbili au tatu, kigumu kuhama nacho, na Tana hufurika. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya 2024 yalihamisha watu wengi kando ya mto huu. Mimi ningenunua ya fuwele, yenye fremu ya alumini, niifunge kwa skrubu zinazofunguka upesi, na niache nafasi ya kiganja kati yake na bati ili upepo uipoze.

Usidanganywe na karatasi ya nyuma. Paneli nzuri ya fuwele hutoa wati 200 hivi kwa mita moja ya mraba, basi inayoitwa ya wati 100 lazima ikaribie nusu mita ya mraba. Nenda na futi ya kupimia. Kuosha hakuondoi utando wa buluu, kwani uko chini ya kioo, ila mchanga na sufi ya chuma hukwaruza kioo chenyewe. Kitambaa laini na maji ya asubuhi vinatosha.

Kuhusu lipa mdogo mdogo: kwa mfano, amana ya shilingi 3,000 na shilingi 50 kila siku kwa mwaka ni shilingi 21,250. Jumlisha bei ya taslimu ya paneli, betri na taa zilezile uone tofauti. Kama huna taslimu, mpango huo si mbaya, na kaunti ya Tana River iliwekwa kati ya 14 za KOSAP, mradi wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, kwa hiyo uliza kwanza kama mradi huo bado una nafuu kwako. Uliza pia fundi kama ana leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na muuzaji akuandikie kwenye risiti kama mtambo utazimwa maji yakikuhamisha ukashindwa kulipa kwa wiki kadhaa.