Tezi Dume: Pima Kwanza Kabla ya Kumeza Dawa

Tezi dume si jina la ugonjwa. Ni kiungo alicho nacho kila mwanaume, kilichopo chini ya kibofu na kuzunguka mrija wa mkojo. Maradhi makuu ya kiungo hicho ni matatu: kutanuka kwa tezi kunakoambatana na umri, saratani, na prostataitisi, yaani kuvimba kwa tezi kunakoleta maumivu. Mkulima wa Kagerankanda wilayani Kasulu, au wa Kibondo, anayekojoa kwa maumivu hana budi kujua ni lipi linalomsumbua, kwa kuwa tiba zake hazifanani.

Tofauti na mengine mawili, prostataitisi huwapata pia vijana na watu wa makamo. Mara nyingi bakteria aina ya E. koli, wanaoishi katika utumbo, hupanda kupitia njia ya mkojo hadi kwenye tezi. Kisonono, klamidia na kuwekewa mpira wa mkojo navyo huweza kuleta maambukizi. Hata hivyo, wagonjwa walio wengi wana maumivu ya muda mrefu ya nyonga yasiyotokana na bakteria. Hao wakinunua antibiotiki dukani bila kupimwa hupoteza fedha, na matumizi holela huchochea usugu wa dawa.

Uchunguzi huanza kwa maelezo ya mgonjwa, kisha kupima mkojo na, inapowezekana, kuotesha vimelea maabara ili kubaini dawa inayofaa. Daktari huweza pia kugusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo hicho ni cha muda mfupi na hakimvunjii mwanaume heshima.

Kipimo cha damu cha PSA kinahitaji tahadhari, kwani uvimbe wa maambukizi hupandisha kiwango chake bila kuwapo saratani. Kwa kawaida hurudiwa wiki kadhaa baada ya tiba.

Mwananchi mwenye dalili aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapewa rufaa ikihitajika, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kigoma, Maweni. Mwenye homa, kutetemeka au mkojo uliogoma kutoka asisubiri kupambazuke: hiyo ni dharura, na maambukizi yakiingia kwenye damu huweza kuua.