Je, Wajua? Asma, Mwanamke wa Hijra Mbili

Hapa Masoko, Rungwe, msiba hauna dini. Mtu akifariki, jirani mmoja analeta mkungu wa ndizi, mwingine kuni, na moto wa kuwapikia wafiwa unawashwa bila kuuliza marehemu alikuwa akisali wapi. Je, wajua kwamba kwa Waislamu desturi hiyo ilianzia nyumbani kwa mwanamke mmoja wa Madina? Anaitwa Asma binti Umeis.

Mwaka 629, mumewe Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alikwenda vitani Muta, nchi ambayo leo ni Yordani. Imesimuliwa kwamba Asma alikuwa amekwishakanda unga, amewaogesha wanawe na kuwapaka mafuta, Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoingia. Akaomba aletewe watoto. Akawanusa, machozi yakamtoka. Asma akajua kwamba Jaafar harudi. Mtume alipotoka aliagiza nyumba ya Jaafar ipikiwe chakula, maana imefikwa na jambo la kuishughulisha. Ndiyo maana roho huniuma nikimwona mjane, kaburi bado bichi, akihangaika kukopa mchele wa kuwalisha waombolezaji. Mambo yamepinduliwa.

Je, wajua kwamba Asma alikuwa mkimbizi Afrika? Waislamu walipoteswa Makka, yeye na Jaafar walivuka Bahari ya Shamu hadi Habasha mnamo 615 au 616. Mfalme wa huko, Najashi, alikuwa Mkristo. Makuraishi wa Makka walimfuata na zawadi ili awarudishe wageni wake. Alikataa, na zawadi akazirudisha. Asma alikaa huko miaka kama 12 na kuzaa watoto watatu: Abdullah, Muhammad na Aun. Hapa Rungwe, ambako Wamoraviani wameweka misheni tangu 1891 na Mwislamu na Mkristo wanachota maji kisima kimoja, sijui kisa kinachotufaa kuliko hiki.

Je, wajua kwamba alimjibu Umar bin Khattab uso kwa uso? Mwaka 628 wakimbizi walirudi kwa jahazi, wakamkuta Mtume Khaibar. Baadaye Umar alimkuta Asma kwa binti yake Hafsa, mke wa Mtume, akamwambia kuwa wao waliotangulia Madina wana haki zaidi kwa Mtume. Asma alikasirika. Nyinyi, alimwambia, mlikuwa naye, akimlisha mwenye njaa wenu na kumfundisha asiyejua. Sisi tulikuwa nchi ya mbali, tukiudhiwa na kutishwa. Akaapa asile wala asinywe mpaka amfikishie Mtume maneno hayo. Jibu alilopewa ni kwamba Umar na wenzake wana hijra moja, yaani kuhama mara moja kwa ajili ya dini, na watu wa jahazi wana mbili. Wenzake wa safari walikuwa wakimjia kwa makundi ili tu awasimulie tena.

Je, wajua kwamba mama yake, Hind binti Auf, alisifiwa kwa wakwe? Mtume mwenyewe, Hamza, Abbas, Jaafar, Abubakar na Ali, wote walioa binti zake.

Na jeneza je? Imesimuliwa kwamba Fatima, binti ya Mtume, alichukia mwili wa mwanamke kubebwa chini ya nguo tupu inayoonyesha umbo. Asma akamweleza alichokiona Habasha: matawi mabichi ya mtende yaliyopindwa, nguo ikatandazwa juu yake. Fatima alipofariki mwaka 632, alibebwa hivyo. Jeneza lenye upinde na kitambaa tunalolipandisha vilimani mwa Tukuyu limetoka Afrika, likafika Madina, likarudi kwetu.

Baada ya Jaafar, Asma aliolewa na Abubakar. Mwaka 632 alijifungua mwana mwingine aliyeitwa Muhammad akiwa Dhul-Hulaifa, njiani kwenda hija, na safari akaendelea nayo. Abubakar aliusia kwamba mkewe ndiye amwoshe, na alipofariki mwaka 634 Asma alitimiza. Alikuwa amefunga, na imepokewa kwamba baridi ilikuwa kali. Akatoka akawauliza masahaba kama analazimika kuoga kwa kuwa ameosha maiti. Wakamwambia hapana. Mwenye kuijua baridi ya Juni hapa Rungwe ataelewa kwa nini aliuliza. Wanazuoni wanakitumia kisa hicho kuonyesha kwamba mke anaweza kumwosha mumewe, jambo ambalo bado wapo wanaolibishia pembeni ya maiti.

Kisha akaolewa na Ali. Imesimuliwa kwamba wanawe wawili walioitwa Muhammad, mmoja wa Jaafar na mmoja wa Abubakar, walishindana baba wa nani ni bora. Ali akamtaka mama yao aamue. Asma akasema hajaona kijana bora kuliko Jaafar, wala mtu mzima bora kuliko Abubakar.

Msiba ujao, wanawake wanapomenya ndizi na wanaume wanapolishusha jeneza kutoka msikitini, waambie watoto walio karibu nawe jina la Asma binti Umeis.